Fahali Haingii Kimyakimya

Jumamosi nilikuwa harusini Kakamega. Maharusi wamechelewa kama kawaida, wali umepoa, emsii ameishiwa mizaha. Ghafla spika zikapasua kioo: kwaaash! Wimbo wa kuingilia ulingoni wa Stone Cold Steve Austin, yule mwanamieleka wa Marekani. Kabla gitaa halijakolea, meza yetu nzima ya wanaume wenye vitambi ilikuwa wima, wawili mikono juu kama wameshika makopo ya bia. Bwana harusi akaingia kwa mikogo, kifua mbele, mkewe akicheka ndani ya shela. Shangazi mmoja aligeuka kuangalia kama ni glasi za kukodi.

Nikauliza mezani, nani alitunga ile kitu? "Si Stone Cold mwenyewe?" Mwingine, anayejifanya mjuzi wa muziki kwa sababu aliwahi kuimba kwaya, akasema ile ni kelele tu.

Kelele tu! Haya, tunga wewe. Una sekunde mbili. Ukumbi una maelfu ya watu wanaopiga gumzo na kununua soda, na sauti moja lazima iwaambie wote nani anakuja na amekuja kufanya nini. Jim Johnston, mtunzi wa muziki wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, aliifanya kazi hiyo kuanzia 1985 hadi 2017. Miaka 32! Kioo cha Austin ni chake. Mziki wa mwanamieleka Undertaker, ule wa kengele na taa kuzimwa, ni wake. Mwanamieleka mwingine, Mankind, Johnston alimwandikia mambo mawili: la kutisha la kuingilia, na kinanda cha upole cha kutokea akishinda, kana kwamba yule mtu wa barakoa ana huzuni ambayo hatukuulizia.

Mimi nilitumwa mafuta ya taa jioni moja, Kondele, Kisumu, nikiwa darasa la tano. Dirisha la jirani lilikuwa wazi. Sikuona televisheni, nilisikia kioo tu. Nilikimbia, nusu ya mafuta ikabaki barabarani, na kofi la mama nalikumbuka kuliko pigano lenyewe.

Matokeo ya mieleka hupangwa, najua, msinitumie ujumbe. Na si kila wimbo wa Johnston ulikuwa dhahabu. Lakini nywele zilizonisimama mkononi Jumamosi hazikupangwa na mtu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sisi wa huku tulipaswa kuelewa. Nenda Shinyalu, hapa Kakamega, siku ya mafahali kupigana, alfajiri, umande bado uko kwenye miwa. Fahali haingii kimyakimya. Anatanguliwa na isukuti: ngoma tatu, pembe ya swala, filimbi, vijana wanaokimbia huku wakiimba. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Tukapiga makofi. Jina la fahali tunalikumbuka, la mwenye fahali tunalikumbuka, mpiga ngoma tunamwita "wewe wa ngoma."

Hata pale harusini wapiga isukuti walikuwepo. Ndio waliomleta bibi harusi kutoka barabarani, jasho likiwatiririka, na walipakuliwa mwisho kabisa, nyuma ya hema, ukoko na mchuzi usio na nyama.

Nilipotoka nilipitia kwa dijei nikamuuliza kama ana ile ya kengele, ya Undertaker.

"Ninayo, mzee. Hiyo tumemwekea mwenyekiti wa kamati, akija kusoma hesabu ya michango."