Roho ya paka haizuii utumbo kujimeza

Hapa Uingereza paka akitapika na kususia chakula, siku hiyohiyo tumbo limenyolewa na ultrasaundi iko juu yake. Kwenye skrini zinatokea pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa. Utumbo umeingia ndani ya utumbo, mithili ya mkono wa kanzu uliojikunjia ndani. Inapendeza, na inaudhi, kwa sababu kwetu huyo angeambiwa kala sumu ya panya, akamiminiwa maziwa, na mwenye huruma zaidi angempa nusu panadol. Panadol! Hiyo ndiyo sumu yenyewe. Ini la paka haliiwezi.

Najua mtakachosema. "Umeondoka juzi tu, leo unatusema." "Bibi hana dawa ya presha, wewe na paka wako." Haya. Lakini sisemi habari ya mashine, wala pesa. Huku asiye na bima bili ya upasuaji humtoa machozi. Nasema habari ya mkono. Madaktari wetu wa mifugo, wa vyuo vya Sokoine na Kabete, wanajua kupapasa. Tatizo paka analetwa siku ya nne, utumbo umeshakuwa mweusi, maana "paka ana roho ngumu".

Kinachotafutwa na vidole ni kitu kirefu, kigumu kama soseji, chenye maumivu. Usipokigusa, bado hujamaliza. Paka aliyekaza tumbo hukificha. Nyama ikichomoza mkunduni, usiisukume ndani kwanza. Pitisha taratibu kipimajoto kilichopakwa jeli kati ya nyama na ukuta wa mkundu. Kikipenya, ni utumbo wa juu ulioshuka, na ni kisu. Kikigoma, ni puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, iliyotoka. Hapo mashine iko wapi?

Kabla ya kisu, dripu: paka wa kilo 4 huhitaji kama mililita 200 hadi 240 kwa siku, bila kuhesabu alizopoteza kwa kutapika, na potasiamu, chumvi mojawapo ya damuni, ipimwe. Tumbo likifunguliwa, kamua sehemu iliyoingia irudi ilikotoka, huku upande wa pili ukivutwa kidogo tu. Anayevuta kwa nguvu huchana. Ikigoma, au ikirudi nyeusi na haichezi, ikatwe, ncha ziunganishwe kwa uzi mwembamba wa upasuaji unaoyeyuka, kipimo cha 4-0, mshono ufunikwe kwa omentamu, ule utando wa mafuta ulio tumboni. Siku ya 3 hadi ya 5 usilale: hapo ndipo mshono huachia na uchafu kumwagika tumboni. Paka mzee, kipande kiende maabara, maana saratani mara nyingi imejificha hapo. Kwa wadogo huwa ni minyoo, virusi vya kuharisha, au uzi wa cherehani uliomezwa.

"Wa kwetu ni wa kukamata panya, dawa ya minyoo ya nini?" Huyo anayekula panya ndiye anayeokota minyoo kutoka kwa panya hao.