Kila kazi iwe na kwao

Mwaka jana ofisini kwetu kazi moja iliweza kuishi mahali pane kwa wakati mmoja. Tuko watu saba Dar es Salaam, tunatafsiri na kupanga kurasa za vitabu na miongozo. Barua pepe ya mteja ilikuwa na tarehe yake, ubao wa Trello, programu ya kupanga kazi kwa kadi, ulikuwa na kadi yake, jedwali la mhasibu kwenye Google Sheets lilikuwa na mstari wake, na kundi la WhatsApp lilikuwa na ujumbe wake. Mteja akisogeza tarehe, sehemu tatu zilibaki na tarehe ya zamani mpaka mtu akumbuke kuzigusa. Mtu huyo nilikuwa mimi, na kila asubuhi saa nzima iliishia kwenye kunakili.

Ndiyo maana nazithamini sana programu za kuunganisha programu. Zapier ilianzishwa Marekani mwaka 2011. Make ilizaliwa Jamhuri ya Czech kwa jina la Integromat. n8n ilianzia Berlin, na unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe ukiwa na mtu wa kuitunza. Zote zinafanya jambo moja la msingi: zinasikiliza tukio upande huu, kisha zinafanya tendo upande ule. Huandiki msimbo, unachagua kwenye menyu na kujaza visanduku. Mhasibu wetu hajawahi kusomea kompyuta, lakini daraja la kwanza, yaani kiungo cha aina hiyo, kati ya Trello na jedwali lake alilijenga yeye kwa mchana mmoja.

Kuna programu nyingine ya jamii hiyo, IFTTT, ambayo jina lake ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "hiki kikitokea, basi fanya kile". Nilipolielewa jina hilo nilifurahi, kwa sababu Kiswahili kinayo mantiki hiyo ndani ya kitenzi. Ni ile -ki-. Kadi ikihamia "Imekamilika", mstari uongezwe kwenye jedwali. Mteja akijaza fomu, kadi ifunguliwe. Siku hizi hatufungui programu yoyote ya kuunganisha kabla ya kuandika sentensi yetu ya -ki- kwenye daftari. Sentensi ikitoka nzima, tunajenga. Ikianza kuvuta "isipokuwa", "lakini kama ni yule mteja wa zamani", "labda kama ni mwisho wa mwezi", tunajua jambo hilo bado halijakubaliwa na watu wenyewe, na mashine haiwezi kutukubalia.

Somo lililotuumiza zaidi ni la njia mbili. Tulikuwa na mteja mwenye orodha yake ya kazi kwenye programu tofauti na yetu. Tukaunganisha pande zote: kadi yetu ikibadilika, orodha yake ibadilike, orodha yake ikibadilika, kadi yetu ibadilike. Ilionekana ni haki na usawa. Usiku mmoja mhariri wake aliandika maoni mafupi. Maoni yakaingia kwetu, daraja likaona kadi imebadilika, likayapeleka kwake kama maoni mapya. Upande wake nao ukaona badiliko, ukayarudisha. Kulipokucha kadi ilikuwa na mamia ya nakala za sentensi ile ile, mgao wetu wa matendo tunayoruhusiwa na programu kwa mwezi ulikuwa umekwisha, na mteja alikuwa akipiga simu kuuliza kama tumevamiwa. Mpango huo tuliubuni sisi, na kosa lilikuwa letu.

Zipo njia za kiufundi za kuzuia mzunguko huo. Unaweza kuweka alama kwenye kila kitu kilicholetwa na daraja, na kuliambia daraja lisikiguse tena. Lakini mimi nimechagua msimamo mwingine, na nitautetea mbele ya yeyote: kila kazi iwe na kwao, na kwao kuwe kumoja. Tarehe ya mwisho kwao ni kwenye Trello. Malipo kwao ni kwenye jedwali la mhasibu. Maoni ya mteja kwao ni kwenye orodha ya mteja. Kwingine kote kunapokea nakala ya kusoma tu, na anayetaka kubadilisha aende kwao. Madaraja yetu yote sasa ni ya njia moja. Ukiniuliza tarehe sahihi ni ipi, nina mahali pamoja pa kutazama.

Halafu kuna suala la saa, ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha na sisi tunaotumia Kiswahili kazini. Mtafsiri akiandika kwenye kundi "nitaleta kesho saa tatu", watu wote saba wanaelewa. Tulipounganisha fomu yetu na kalenda, saa tatu ikaingia kama 3:00, usiku wa manane. Wala si kosa la mwandishi. Ni sisi tulioruhusu saa iandikwe kwa maneno mahali ambapo mashine ndiyo msomaji. Tukaweka orodha ya kuchagua, na nyuma yake jedwali dogo la mistari 24: 09:00 ni saa 3 asubuhi, 15:00 ni saa 9 alasiri, 20:00 ni saa 2 usiku. Mashine inahifadhi kwa saa zake, na ujumbe unaofika kwenye kundi unatoka kwa saa zetu. Nililipigania jambo hili kwa sababu sioni kwa nini mtu wa Mbagala abadilishe anavyohesabu mchana wake ili kuifurahisha kalenda.

Tarehe nazo zina mtego wake. Baadhi ya programu, tarehe isipokuwa na saa, huihifadhi kama usiku wa kuanza siku hiyo kwa saa za dunia, UTC. Kwetu Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo siku inabaki ile ile na hatukuona tatizo. Mhariri tunayefanya naye kazi yuko Toronto, nyuma ya UTC. Ijumaa yetu kwake ilisomeka Alhamisi, akakesha bure kuwahi kazi ambayo ilikuwa na siku nzima mbele yake. Tangu hapo kila tarehe inayovuka daraja inabeba saa na ukanda wake wa saa.

Gharama niiseme kwa ufupi. Zapier kwa mpango wa bure huruhusu matendo 100 kwa mwezi. Kadi moja ikisababisha matendo matatu, baada ya kadi 33 umefika ukingoni. Hesabu kabla ya kujenga. Na daraja lifunguliwe kwa akaunti ya ofisi, kamwe lisiwe la mtu binafsi, maana mtu akihama kazi anaweza kuondoka na funguo. Majina na simu za wateja hupita kwenye seva za watu wengine nje ya nchi, na Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sisi tumeondoa simu za wateja kwenye kila kinachovuka; namba ya kazi inatosha.

Lakini jambo ninalolijali kuliko yote ni hili: mashine isimpangie mtu kazi. Tulijaribu. Kadi mpya ikifunguliwa, jina la mtafsiri anayefuata kwenye zamu lilijiandika lenyewe. Wiki ya tatu mwongozo wa kurasa 40 ulikwenda kwa mama mmoja ambaye ndiye mkongwe wetu. Siku nne kimya. Kadi ilionyesha jina lake, tarehe yake, kila kitu kikiwa sawasawa. Nilipompigia nikasema, "Shikamoo mama, ule mwongozo unaendeleaje?" Akajibu, "Marahaba mwanangu. Mwongozo gani? Mimi niko msibani Moshi tangu Jumapili."

Niliona aibu kubwa. Zamani, kabla ya daraja, ningempigia kwanza, na kwenye simu hiyo ningejua kuna msiba, ningempa pole, nasi tungechanga kama inavyopasa. Simu ile ilikuwa imebeba zaidi ya kazi, na mimi niliifuta nikidhani naokoa dakika tano. Sasa daraja linafungua kadi, linaweka tarehe, linaambatisha faili. Nafasi ya jina inabaki tupu mpaka nimezungumza na mtu naye amekubali kwa mdomo wake.

Wiki hii mhasibu ameleta sentensi mpya ya -ki-: ankara ikipita siku 30 bila kulipwa, mteja atumiwe ukumbusho. Nimemwomba abadilishe mwisho wake. Ukumbusho uandaliwe, ukae kwenye rasimu zake, na yeye ndiye ausome na kuutuma. Tunaanza Jumatatu na wateja wawili.