Galoni Mbili Nyuma ya Mlango

Kaskazi ikikolea Tanga, mwezi wa pili hivi, hata kivuli kinatafuta kivuli. Chumbani kwangu Ngamiani kipimajoto kinasoma nyuzi 32 usiku wa manane, na humo humo ndimo ilimo kompyuta yangu ya gemu, ambayo prosesa, yaani ubongo wake, na kadi yake ya grafiki, ile inayochora picha, vikichachamaa vinakula umeme kuliko friji ya nyumba nzima. Nikifungua gemu nzito, feni zinavuma kama mashine ya kukoboa mahindi, prosesa inagonga nyuzi 95, inajipunguzia kasi yenyewe kujinusuru, na mimi nauawa na watoto wa watu huku picha imeganda. Mama, chumba cha pili, anagonga ukuta: "Zima hilo dude, wenzio tunasali!"

Ndiyo nikaamua kuipoza kwa maji.

Nilipomweleza, aliniangalia kwa muda. "Umeme na maji?"

"Ndiyo, Mama."

"Pamoja?"

"Pamoja, lakini havigusani."

"Haya. Marehemu baba yako naye alikuwa na mambo yake."

Hesabu yake mbona rahisi. Lita moja ya maji inabeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa. Unabandika bloku ya shaba juu ya prosesa na nyingine juu ya kadi ya grafiki, pampu inayasukuma maji yapite humo, yakishapata moto yanakwenda kwenye rejeta kama ya gari, feni kubwa zinalipuliza joto nje polepole, maji yanarudi tangini, safari inaanza upya. Msije mkadhani maji yanageuka barafu: hayawezi kupoa chini ya joto la chumba, na chumba ni kile kile cha nyuzi 32. Ila kelele inaisha, na prosesa inapata kupumua.

Vifaa vilikuja kwa kago kutoka Dubai, vikapanda basi Dar, vikafika na kisanduku kimoja kimekanyagwa. Wa busara wangechagua mipira laini, unaikata kwa kisu, unachomeka, umemaliza. Mimi nilitaka mirija migumu ya plastiki, ile inayokunjwa kona safi kama bomba za hospitali ya wenye pesa. Mrija huo unaupasha moto mpaka ulegee, ndani yake umepitisha kamba ya silikoni ili usibonyee, halafu unaukunja taratibu. Nikaazima bloa ya fundi simu wa hapo kona. Mrija wa kwanza ukatoka umepinda kama swali. Wa pili ukafanya malengelenge. Harufu ilipofika uwani, Mama akauliza nani anachoma ndoo.

Mirija ikakubali hatimaye, nisiwachoshe. Twende kwenye maji, maana kesi yote imelala hapo.

Maji ya bomba hayafai. Yana madini, na yakipata moto kila siku yanajenga ukoko kwenye vijinjia vya bloku vilivyo vyembamba mno. Isitoshe, yakivuja juu ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, madini hayo ndiyo yanayopitisha umeme. Yanatakiwa yaliyokwisha kugeuzwa mvuke na kurudi kuwa maji, hayana chumvi wala chokaa. Kwa Kiswahili cha kituo cha mafuta: maji ya betri. Nikaenda. Muuzaji akaniuliza, "Unataka maji au asidi?" Nikasema maji. Akauliza gari gani. Nikasema kompyuta. Akanipa chupa zangu akanisindikiza kwa macho mpaka barabarani.

Nyumbani nikazikusanya zote kwenye galoni moja safi ya maji ya kunywa, maana kujaza tangi kwa vichupa ni kujitafutia kumwaga. Chumba changu kilikuwa kimejaa skrubu na makaratasi, kwa hiyo galoni nikaiweka nyuma ya mlango wa stoo, mahali pa baridi.

Sasa, Mama alikuwa ametoka Umra wiki ile ile. Zamzam aliyorudi nayo aligawana na dadake nusu kwa nusu, na fungu lake akalitia kwenye galoni safi ya maji ya kunywa. Akafunga uzi wa kijani shingoni kuwa alama. Akatafuta mahali pa baridi.

Jumamosi ile nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kasha la kompyuta, nimepanga tishu chini ya kila fitingi, pale mirija inapoungwa. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, nilikuwa nimeidanganya kwa kibanio cha karatasi, waya wa kijani nimeuunganisha na mweusi, ili pampu iwake peke yake na madabodi ilale bila umeme. Hivyo hata pakivuja, kitu hakiungui. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa msaidizi, kazi yake kushika tochi na kupiga kelele akiona tone.

"Kaniletee galoni iliyo nyuma ya mlango wa stoo."

Akaniletea galoni iliyo nyuma ya mlango wa stoo. Shingoni ina uzi wa kijani. Nikadhani kaufunga yeye apate pa kushikia. Mtoto ametumwa galoni, kaleta galoni. Utamlaumu kwa lipi?

Nikamimina. Pampu ikaguna, ikameza, maji yakapanda kwenye mirija yakisukumana na mapovu, yakapita kwenye rejeta na sauti ya mtu anayesukutua. Nikaongeza. Nikaliinamisha kasha huku na huku hewa itoke. Yaani ilipendeza! Mpwa akapiga kelele, "Linavuja!" Kweli, fitingi moja chini ya kadi ya grafiki, ringi yake ya mpira ilikuwa imejikunja. Tishu zikalowa, kidibwi kikafika sakafuni. Nikazima pampu, nikaiweka ringi sawa, nikakaza kwa mkono, nikachukua tambara la deki nikafuta. Baada ya hapo, kavu. Pampu nikaiacha izunguke mpaka kesho yake, ndiyo ada ya kazi hii: saa 24 za kuvizia uvujaji kabla hujathubutu kuwasha chochote kingine.

Jumapili asubuhi wakaja wageni kumpa Mama mkono wa Umra. Sebule ikajaa. Alikuwepo Baba Mkubwa, fundi mstaafu wa reli, mtu wa Hija ya zamani. Alikuwepo na bibi jirani, yule wa magoti, ambaye huwezi kumwamkia "shikamoo" bila kupewa taarifa ya goti moja moja. Mama akatoa tende, akaenda stoo, akakuta galoni nyuma ya mlango. Moja tu. Uzi haukuwepo, akasema panya.

Akawamiminia kwenye vikombe vya kahawa.

Nikiwa chumbani nawasikia. Wakaelekea kibla, wakapiga bismillahi, wakanywa kwa mafunda matatu, kila mmoja na nia yake moyoni. Bibi jirani nia yake haikuwa ya moyoni, aliitaja kwa sauti, goti la kulia kwanza. Wakashusha pumzi.

"Mashaallah, maji mepesi haya!"

"Yanateremka yenyewe."

Baba Mkubwa akawa kimya. Akaomba kikombe cha pili. Akakizungusha mdomoni. "Zamzam niijuayo mimi ina kichumvichumvi," akasema. "Haya hayana hata ladha ya kuwa maji."

Mama akaja chumbani kuniita nikawasalimie watu. Akasimama mlangoni. Akaiona galoni yenye uzi wa kijani, imebaki nusu. Akaona mirija, maji yanazunguka humo ndani yameng'aa.

"Humo umetia nini?"

"Maji ya betri, Mama."

"Na niliyowapa wageni?"

Hapo ndipo tulipotazamana, mimi, yeye na mpwa, na nadhani sote watatu tulimaliza hesabu kwa wakati mmoja. Nyumba zetu za Ngamiani ukuta haufiki darini. Sebuleni sauti ikauliza, "Kasema maji ya *nini*?"

Usiombe kuwaeleza watu wazima kumi na kitu kwamba wamekunywa maji ya betri na kwamba hayana neno. Mmoja akaagiza maziwa. Mwingine akatoka mbio uwani na kidole mdomoni. Bibi mmoja akaapa anahisi chaji mikononi. Mimi mwenyewe, katikati ya maelezo yangu mazuri kuhusu mvuke, likanijia swali la yule muuzaji: maji au asidi? Nikaruka hadi pipa la taka, nikafukua maganda ya ndizi hadi nikazipata chupa, nikasoma lebo moja baada ya nyingine. Maji. Yote maji. Nikarudi nazo sebuleni nimezikumbatia, nikanywa kikombe kizima mbele yao kuwa ushahidi.

"Huyo si kipimo," akasema aliyeagiza maziwa. "Huyo hajaoa."

Baba Mkubwa ndiye aliyewatuliza. Akasema asidi ingekuwa imewakata ulimi kabla ya funda la pili, na kwamba garini wanaongeza maji haya haya yasiyo na kitu. Wakaketi. Lakini kesi ikahama, ikawa ya Zamzam.

"Toa," akasema Mama. "Tone lisibaki."

"Yamezunguka usiku kucha, Mama. Yamepita kwenye shaba, kwenye rejeta, kwenye vumbi la kiwandani. Hayanyweki tena."

"Sijasema tunayanywa. Nimesema toa."

Baba Mkubwa akaingia chumbani, akainama kwa shida, akaitazama pampu kwa heshima ya fundi. Akataka kujua maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Akasema hata bila ya dini nilikuwa naiharibu mashine, maana Zamzam ina madini mengi, na boila za garimoshi la mvuke zilivyokuwa zikishika ukoko kwa maji ya namna hiyo anazijua yeye na mgongo wake. Halafu akatoa uamuzi: chooni hayamwagwi, mtaroni hayamwagwi, yatamwagiwa mrehani wa Mama.

Kuyatoa kulinitoa jasho. Ulaze kasha ubavu, ulisimamishe, ulipulizie mrija kwa mdomo, rejeta itoe kijiko, itulie, itoe kingine. Wageni walihamia mlangoni wakitazama. Mama ameshika beseni, kila tone linalolia analitamkia astaghfirullah. Nikadhani tumemaliza.

"Ile galoni ilijaa mpaka shingoni," akasema. "Mengine yako wapi?"

"Yalivuja kidogo jana."

"Ukayafanyaje?"

Nikamtazama mpwa. Mpwa, mtoto mkweli yule, akaenda akarudi amelishika tambara la deki.

Sitaandika aliyoyasema Mama. Niseme tu kwamba tambara lilikamuliwa kwenye mrehani, na tishu zote zilianikwa juani, moja moja, kwenye kamba ya nguo. Waliopita barabarani siku hiyo waliuliza kama kuna msiba.

Kompyuta ilikaa kavu hadi nilipopata chupa nyingine za betri, na dawa ya matone ya kuzuia ukungu. Sasa inasoma nyuzi 60 na kidogo katikati ya gemu, kimya, Mama anasali vizuri. Kabla sijaijaza, lakini, asubuhi ya Jumatatu mlango ukagongwa. Mjukuu wa bibi jirani, ana kichupa mkononi.

"Bibi anakusalimu. Anasema umwongezee yale ya betri. Goti la kulia limepoa, bado la kushoto."