Saa tisa za Wang Bing si maringo

Ukimwambia mtu kuna filamu ya Kichina ya saa tisa, isiyo na mwigizaji hata mmoja, atakuuliza nani ana muda huo. Mimi naona urefu huo ndio heshima ambayo Wang Bing, mwongozaji Mchina wa filamu za maisha halisi, anawapa watu wake.

Mwaka 1999 alikwenda wilaya ya Tiexi, mjini Shenyang, na kamera ndogo ya kukodi. Viwanda vya serikali vilivyokuwa fahari ya China vilikuwa vinakufa kimoja baada ya kingine. Alikaa na wafanyakazi wake mpaka 2001, na hapo ikazaliwa "Tie Xi Qu", ile filamu ya saa tisa. Wafanyakazi wanaoga, wanacheza, wanagombana, wanasubiri mshahara. Hakuna msimulizi wa kukueleza uhuzunike wapi. Ukikaa nao, unaanza kuwazoea kama majirani, na kiwanda kikifungwa unajua hasa nani amepoteza nini.

Katika filamu yake ya 2007, bibi mmoja, He Fengming, ameketi nyumbani kwake anasimulia jinsi alivyobandikwa jina la adui wa Chama cha Kikomunisti mwaka 1957 na jinsi mumewe alivyofia kambi ya kazi ngumu mkoani Gansu. Kamera imetulia. Jioni inaingia, chumba kinakuwa giza, na bibi bado anasema. Inapita muda mrefu ndipo Wang Bing anamwomba awashe taa. Mwongozaji mwingine angekata. Yeye hakumkatiza mtu aliyenyamazishwa miaka mingi.

Kisha akaenda Zhili, mkoani Zhejiang, kwa vijana wanaoshona nguo za watoto. Alirekodi kuanzia 2014 hadi 2019, akapata filamu tatu za "Youth". Ya kwanza ilishindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023. Vijana wanashindana kasi kwenye cherehani, muziki juu, wanataniana, wanatongozana. Msimu ukiisha wanamzunguka tajiri kudai nyongeza ya malipo ya kila kipande, naye anabishia senti. Siku yao ya kazi ni ndefu mno. Sioni kwa nini sisi tuwaangalie kwa dakika tano.

Tamasha la filamu la Locarno, Uswisi, lilimpa tuzo yake kuu mwaka 2017, na alistahili. Lakini kwao China filamu zake hazionyeshwi rasmi kwenye majumba ya sinema, kwa kuwa hakuwahi kuzipitisha kwa wakaguzi. Wale vijana wa Zhili walipaswa kuwa wa kwanza kukata tiketi.