Kikofia cha flashi hakitoshi: sura ya mtu inataka mwanga mpana

Ingia duka lolote la vifaa vya kamera useme unapiga picha za watu ndani ya nyumba na flashi inatoka kali mno. Muuzaji atakutolea kikofia cheupe cha plastiki, kile cha kuvisha kwenye kichwa cha flashi, akuambie hiyo ndiyo difyuza, yaani kifaa cha kulainisha mwanga. Vijana wengi wakishakinunua hawakivui tena, wawe sebuleni, ukumbini au barazani usiku. Mimi naona fedha ya kwanza ya mpiga picha za sura iende kwingine, kwa sababu kikofia kile peke yake hakilainishi mwanga.

Ulaini wa mwanga unatokana na upana wake, ukilinganisha na umbali wa mtu anayepigwa picha. Kichwa cha flashi ya kawaida kina upana wa sentimita 7 au 8 hivi, na kikivishwa kikofia upana unabaki karibu uleule. Ukisimama mita 2, uso unamulikwa na kitu kidogo tu: kivuli cha pua kinakatika kwa ukali, na kingine cheusi kinajichora ukutani nyuma ya sikio. Chukua mwavuli mweupe wenye upana wa mita 1, uusimamishe mita 1 kutoka usoni. Hapo mwanga unatoka pande nyingi kwa pamoja, unazunguka shavu, unaingia chini ya kidevu, na kivuli kinafifia taratibu mpaka huwezi kuonyesha kilipoanzia. Urudishe mwavuli huohuo mita 5 nyuma, ukali unaanza kurudi. Ndiyo maana mtu akiniuliza difyuza gani ni nzuri, nami humuuliza ataiweka umbali gani.

Kikofia kimepata sifa kwa sababu kuna mahali kinaonekana kufanya kazi. Kinatawanya mwanga kila upande, na kama chumba ni kidogo, dari na kuta nyeupe, mwanga ule unagonga huko na kumrudia mtu ukiwa umepanuka. Iliyofanya kazi ni dari. Ukumbini kwenye paa refu, au nje usiku, hakuna kinachourudisha. Sehemu kubwa ya mwanga inapotea hewani. Flashi inalazimika kutoa nguvu mara 2 au zaidi ili picha isiwe nyeusi, inachelewa kuchaji, na betri zinachoka kabla keki haijakatwa. Kivuli cha pua kiko palepale.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, inua macho utazame dari. Nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam zina jipsamu nyeupe na dari si la juu sana. Huo ni mwavuli wa bure. Geuza kichwa cha flashi kielekee juu na nyuma kidogo, au kwenye kona ambapo ukuta unakutana na dari, ili mwanga umshukie mtu kwa pembeni. Usiuelekeze juu moja kwa moja ukiwa umesimama karibu naye, maana mwanga utamwangukia utosini na macho yatabaki mashimo. Ukifunga kikadi cheupe nyuma ya flashi kwa mpira wa kufungia pesa, mwanga kidogo unaenda mbele na kuweka nukta ndogo kwenye mboni, na sura inapata uhai. Mimi huanza na ISO 800 (wepesi wa kamera kuupokea mwanga), f/4 (uwazi wa tundu la lenzi) na shata 1/125 ya sekunde, halafu napanga nguvu ya flashi kulingana na chumba.

Ila si kila dari linafaa. Nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu zina dari refu la boriti za mikoko, na boriti nyeusi zinaumeza mwanga wako wote. Sebule iliyopakwa kijani itampaka mgeni wako kijani hichohicho shavuni, na kurekebisha rangi hiyo baadaye ni kazi ya kuchosha, kwani upande mmoja wa uso ni kijani na mwingine sivyo. Kumbi za sherehe nazo hufunika dari kwa vitambaa vya rangi ya kamati. Katika mazingira hayo huna budi kubeba upana wako mwenyewe.

Kwa anayeanza nashauri mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, stendi na triga ya kuiwasha flashi ikiwa mbali na kamera. Ni vifaa vya bei nafuu kuliko lenzi yoyote ya maana, na vinaibadilisha picha kuliko lenzi hiyo. Ubaya wa mwavuli ni kumwaga mwanga chumba kizima. Ukitaka ukuta wa nyuma ubaki na giza lake, tafuta softboksi, yaani boksi la kitambaa lenye uso mweupe mbele, kwa kuwa kingo zake nyeusi zinazuia mwanga kutapakaa. Vyovyote iwavyo, ning'iniza kiroba cha mchanga mguuni mwa stendi. Feni za kumbini zimeangusha miavuli mingi.

Na kama mfuko hauruhusu, kuna shuka. Tundika shuka jeupe pe, lisilo na umanjano, kwenye fremu ya mlango au kamba ya nguo. Mtu akae mita 1 upande wa huku, flashi iwe mita 2 upande wa kule ili mwanga utapakae shuka zima kabla ya kupenya. Utapoteza nguvu nyingi, itabidi upandishe ISO, lakini upana utakaopata unazidi softboksi nyingi za dukani.

Jambo linalonigusa zaidi ni ngozi yetu. Mafunzo mengi ya mwanga tunayoyaona mtandaoni yanaeleza sura kwa vivuli, na kwa ngozi nyeupe yanafaa. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao: mwanga unaoakisiwa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua. Flashi ndogo inaakisiwa ikiwa doa dogo jeupe, kali, na watu wanalilaumu jasho au mafuta. Mwanga mpana unaakisiwa ukiwa umetandaa. Doa lile linakuwa utepe laini unaofuata mfupa, na rangi ya ngozi inabaki na utajiri wake. Mtazame mama wa makamo aliyejipaka mafuta yake ya asubuhi, amekaa karibu na mwavuli. Huhitaji kumfuta wala kumpaka poda mpaka apauke. Mng'ao ule ndio unaomchora.

Harusini tatizo linaongezeka, kwa sababu shela linang'aa kuliko kila kitu. Ukiiachia flashi ijipime yenyewe kwa TTL, mfumo ambao kamera hupima mwanga unaopita kwenye lenzi na kuipangia flashi nguvu, shela likijaa kwenye fremu kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sura ya bibi harusi inazama. Napanga nguvu mwenyewe. Kisha nauweka mwavuli upande wa bwana harusi, hasa kama suti yake ni nyeusi na ngozi yake imekolea kuliko ya bibi. Umbali ukiongezeka mara 2, mwanga unaofika unabaki robo, na kanuni hiyo unaweza kuifanyia kazi: mwavuli ukiwa mita 1.5 kutoka kwa bwana na mita 2 kutoka kwa bibi, bwana anapata karibu mara 1.8 ya mwanga anaoupata bibi. Shela linatulia, mikunjo yake inaonekana, na nyuso zote mbili zinasomeka. Familia nzima ikijipanga mistari mitatu, mbinu hii iache. Rudi kwenye dari kama lipo, maana mwavuli wa karibu utammulika mno shangazi wa pembeni na kumwacha mjomba gizani.

Sisemi flashi kali haina mahali pake. Malick Sidibé, mpiga picha wa Mali, aliwapiga picha vijana wa Bamako kwenye dansi zao miaka ya 1960 kwa flashi ya moja kwa moja, na ukali ule unaufaa usiku wa muziki. Alikuwa anapiga mwendo na furaha. Picha ya bibi aliyevaa kitenge chake kipya, ya kutundikwa sebuleni miaka yote, inataka uvumilivu mwingine.

Ninachokipinga kabisa ni kuficha mwanga mbaya kwa programu za simu zinazolainisha ngozi mpaka isiwe ngozi tena, na kuipandisha weupe bila kuulizwa. Wateja wamezizoea, wengine wanafika studio na ombi hilo mdomoni. Sibishani nao. Nasogeza mwavuli mpaka unakaribia kuingia kwenye fremu, napiga moja, nawaonyesha kwenye kioo cha kamera kabla hatujaendelea. Wengi wakishajiona hivyo hawalirudii ombi.