Sura ya Saba Ilifungiwa Njugu

Njugu za shangazi yangu ni shilingi kumi, ishirini ukitaka za kushibisha, na karatasi ya kufungia ni bure. Hiyo ya bure ndiyo iliyonifikisha kituo cha polisi nikiwa nimevaa kandambili mguu mmoja.

Mjue kwanza kwamba kwa miaka miwili nilikuwa naandika riwaya ya upelelezi. Naiandika kwa mkono, kwenye kaunta buku nene la jalada jeusi. Kompyuta ninayo, ila chaja yake ilikwenda kutengenezwa na hadi leo haijarudi. Ni hadithi ya mtoto wa seneta anayetekwa nyara akitoka shuleni, na Inspekta Chuma, mtu asiyecheka, anayemsaka kutoka Kisumu hadi Busia. Sura ya saba ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ndiyo yenye barua ya watekaji. Nilitaka msomaji ashtuke kama seneta alivyoshtuka, basi nikaipa barua ukurasa wake peke yake, herufi kubwa, biro nyekundu:

MHESHIMIWA, MTOTO WAKO TUNAYE. TUNATAKA MILIONI KUMI. NUSU TUMA KWA M-PESA, NUSU WEKA CHINI YA MTI, UFUO WA DUNGA, SAA SITA USIKU, USIKU USIO NA MWEZI. UKIAMBIA POLISI UTAJUTA.

Jina la seneta sikuweka. Niliona linapunguza utisho.

Shangazi alikuja kutoka Nyakach kututembelea siku mbili. Huu ni mwezi wa tano. Hakuzoea kukaa bure, akaanza kukaanga njugu na kuziuza steji ya Kondele, hapa Kisumu. Karatasi hununua kwa watoto wa shule, madaftari yaliyokwisha. Siku moja madaftari yalikosekana, akaona kaunta buku langu juu ya kabati, limejaa, lina vumbi. Vumbi lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimekwama sura ya kumi na mbili wiki tatu nzima sijaligusa, ingawa watu nilikuwa nawaambia bado naandika. Kwa haki yake, alilichana kwa uangalifu mkubwa: kutoka mwanzo, jani moja moja, ili jalada lisilegee. Za shilingi ishirini zilipewa jani zima. Za kumi, nusu.

Jumamosi moja dereva wa mheshimiwa fulani (simtaji, nina familia) alisimama Kondele akanunua njugu. Za ishirini. Angenunua za kumi angepata nusu ya tishio, na nusu ya tishio haimpeleki mtu polisi. Akala zote, akalamba chumvi, akakunjua karatasi aone kama kuna punje iliyojificha kwenye ncha. Akakutana na biro yangu nyekundu.

Alipiga simu nyumbani. Mtoto wa mheshimiwa alikuwa kwenye kochi anatazama katuni. Mtu mwingine angecheka, akatupa karatasi, akaendelea na safari. Huyu alikata kauli kwamba barua imetangulia utekaji.

Shangazi hakuhitaji kubanwa. "Karatasi ni za mtoto wa kaka yangu," aliwaambia askari. "Anaandika usiku kucha, halali. Hata mimi nilikuwa nashangaa anaandika nini."

Nilikuwa uani nanyoa ndevu. Nilinyoa upande mmoja.

Kituoni nilipokelewa na afande mzee mwenye miwani ya kusomea, aliyeitandaza ile karatasi mezani na kuilainisha kwa kiganja kana kwamba ni hati ya shamba. Ilikuwa na madoa ya mafuta na bado inanukia njugu.

"Hii ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, afande. Lakini ni riwaya."

"Riwaya iko wapi?"

"Imefungiwa njugu."

Akaandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, polepole, huku akijisomea: "Imefungiwa... njugu."

Nikaomba waangalie kwenye kikapu cha shangazi, kaunta buku bado limo. Lilikuwamo. Tatizo ni kwamba sasa lilianzia sura ya nane, na sura ya nane ndiyo niliyochora ramani: njia za vichochoro kutoka Dunga, Nyamasaria, mpaka mpakani Busia, na msalaba mahali pa kubadilishia gari. Niliipaka hata rangi. Askari kijana aliitazama, akanitazama mimi, akaniambia nivue mshipi na kamba za viatu. Mshipi nilivua. Kuhusu kamba, sote wawili tuliangalia ile kandambili moja.

Saa kumi na moja jioni wakaingia wanaboda wanne wa steji ya Kondele. Wa mbele alitoa ndani ya jaketi furushi la karatasi zilizobanwa kwa kibanio cha nguo. Sura ya kwanza hadi ya sita, zimepangwa kwa namba za kurasa.

"Afande, huyu si mtekaji," alisema. "Ni mwandishi. Tumekuwa tukimsoma."

Ikabainika kwamba wiki mbili zile biashara ya shangazi ilikuwa imeshika moto, akadhani ni ukaangaji wake. Kumbe vijana walikuwa wananunua za ishirini kwa zamu ili kupata jani zima. Mmoja hata njugu hali, zinamuumiza tumbo, alikuwa akiwagawia abiria. "Na huo ukurasa mlio nao hapo ulikuwa wetu," alilalamika. "Dereva alituruka foleni." Kisha akaniinamia sikioni: "Omera, yule yaya anahusika ama hahusiki?"

Afande alivaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza. Alisoma robo saa bila kusema neno. Nimewahi kuwapa marafiki riwaya ile, hakuna aliyepita ukurasa wa pili. Alipofika kwenye barua alinikazia macho.

"M-Pesa akaunti haishiki zaidi ya laki tano. Milioni tano utaipokea siku ngapi?"

"Kumi, afande."

"Siku kumi, kila asubuhi unakwenda kwa wakala kutoa pesa, na kitambulisho mkononi. Huyu mtekaji wako ni mjinga?"

Nikanyamaza.

"Halafu Dunga, usiku usio na mwezi. Umewahi kufika Dunga usiku usio na mwezi? Giza ndilo la kuvulia omena. Ziwa zima ni taa, ufuo umejaa wavuvi na akina mama wanangojea samaki. Atachukuaje mfuko wa pesa?"

Wanaboda wakatikisa vichwa. Mmoja akasema hata yeye hapo palimsumbua.

Nikarudishiwa mshipi. Kurasa zote nilipewa isipokuwa ile ya barua, iliyobaki kama kizibiti. Shangazi alitusubiri nje na kikapu chake, akaniambia, "Wuoda, ungeniambia ni kitu cha maana ningeuza thelathini."

Ukurasa nilikwenda kuuchukua baada ya wiki mbili. Afande alikuwa amekata "USIO NA MWEZI" kwa kalamu ya buluu na kuandika pembeni, kwa mwandiko safi wa kizamani: "Weka mwezi mpevu. Wavuvi wamelala."