Deki Niliyoipa Tisa kwa Kumi

Mtu mwingine akinunua deki ya DVD anachomeka waya, anaweka diski, anakaa. Mimi nilinunua deki pamoja na daftari. Lilikuwa daftari la jalada gumu, na ukurasa wa kwanza niliandika kwa wino mwekundu: TATHMINI. Mke wangu alilisoma neno hilo, akanitazama, akaendelea na shughuli zake. Miaka tuliyoishi pamoja imemfundisha kwamba maradhi yangu mengine hupona yenyewe.

Deki ilikuwa ya bei ya kati. Hiyo ndiyo bei yetu sisi watu wa aina yangu: ya chini tunaionea aibu, ya juu inatuonea sisi, basi tunabeba ya katikati na tukifika nyumbani tunasema tumechagua kitaalamu. Ukiichunguza, ile pesa ya ziada ilikuwa imeingia kwenye vitu vichache tu. Kifuniko cha bati zito kidogo. Trei inayotoka polepole kama mzee mwenye heshima zake, si kuchomoka kama ulimi wa kinyonga. Taa ya buluu mbele. Na matundu mengi sana nyuma, ya kila rangi. Hayo matundu ndiyo yaliyokuja kuniumbua, ila tusiyatangulie.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ametangulia kununua deki yake wiki mbili kabla. Alichukua ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwa rafuni. Nyepesi kiasi kwamba ukivuta waya, deki yote inakuja. Nilimwambia kwa upole wa mtu anayejua, "Shemeji, hiyo utainunua mara mbili." Hakunijibu. Alicheka tu. Mtu akikucheka namna hiyo bila kukujibu, ndipo unakwenda kununua daftari.

Tathmini ikaanza usiku uleule. Picha niliipa nane, si kwa kosa lolote, bali nilikumbuka kwamba mwalimu anayeheshimika hatoi kumi siku ya kwanza. Sauti ikanitesa. Watu kwenye filamu walikuwa wananong'ona kama wamefiwa, nikiongeza sauti nyumba ya filamu inalipuka na nyumba yangu inaamka. Nilikesha na hilo jambo. Kumbe sauti ya DVD nyingi imepangwa kwa spika sita, na maneno ya waigizaji karibu yote hupitishwa kwenye ile ya katikati, ambayo TV yangu yenye spika mbili haikuwa nayo. Inabidi uingie kwenye menyu uiambie deki ikunje sauti zote ziwe mbili. Nilipolipata hilo nilihisi nimegundua dawa. Nikaipa deki saba, nikajipa mwenyewe tisa.

Usiku wa pili filamu ikafika kama katikati, picha ikaganda. Sekunde moja, pengine chini ya hapo, lakini kwa mtu aliyemwambia shemeji yake maneno niliyomwambia mimi, ile ilikuwa sekunde ndefu. Halafu ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaikata alama mbili hapohapo. Baadaye nikajifunza kwamba diski nyingi za filamu zina tabaka mbili za data upande mmoja. Tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, zikiwa mbili ni kama 8.5, na leza ikimaliza ya kwanza inabidi lenzi ijipange upya kusoma ya pili. Ule mgando ndio huo. Haikuwa hitilafu. Nilirudisha alama moja. Ya pili niliibakiza kama faini ya kunishtua.

Sasa njoo kwenye utulivu. Diski ya DVD haizunguki kwa mwendo mmoja: leza inaanza kusoma ndani, karibu na tundu, ikielekea nje, na kule ndani ndiko inakozunguka kwa kasi kubwa, zaidi ya mara 1,300 kwa dakika. Ikifika ukingoni imeshapungua hadi chini ya nusu ya hapo. Kwa hiyo deki kama ina mvumo, utausikia mwanzoni mwa filamu. Yangu ilivuma. Nnnnn, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Niliweka glasi ya maji juu yake ili nipime mtikisiko kwa macho, nikaona viduara vinacheza majini. Nikagundua kabati la TV halikuwa sawa, mguu wa nyuma wa kushoto wa deki ulikuwa unaning'inia. Nikatafuta kitu cha kuweka chini yake, chembamba lakini si sana, na mkono ukaangukia kitabu cha maelekezo. Kikaingia kama kilipimwa. Nyuki akanyamaza. Maji yakatulia tuli.

Nikaandika: UTULIVU, 9/10. Mstari wa chini yake: KITABU CHA MAELEKEZO, 2/10, maneno mengi. Uhusiano uliokuwapo kati ya mistari hiyo miwili sikuuandika. Na glasi niliiacha pale juu kama mlinzi.

Lipo jaribio moja ambalo halimo kabisa daftarini. Watoto walikuwa na diski yao ya katuni ambayo walishaishika kwa vidole, kwa meno na, nadhani, kwa miguu. Deki yangu iliivuta ndani, ikaisikiliza, ikaitema. Nikaifuta kwa shati, kwa mviringo, nikibonyeza kwa nguvu, kumbe hivyo ndivyo unavyoiua. Diski inafutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kwa sababu mkwaruzo unaokata njia za data deki inaweza kuufidia kwa hesabu zake, ila mkwaruzo unaofuata njia unakula data nyingi mfululizo. Na njia zenyewe zimebanana: upana wa unywele mmoja unafunika mizunguko kama mia. Kwa hiyo baada ya huduma yangu ya kwanza diski ilikuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Watoto wakaipeleka kwa mjomba wao. Ikacheza. Hiyo deki yake ya plastiki ilikuwa inakula kila kitu, diski za kanda yoyote ya dunia, zilizochomwa kwenye kompyuta, zilizopasuka ukingoni. Niliwahi kusikia mafundi wakisema zile za bei ya chini hazina adabu ya kuchagua. Nililiona hilo kuwa ni kasoro.

Wastani ulipokamilika ulikuwa saba na ushee. Nikaukadiria kuwa tisa.

Jioni ya aibu shemeji alikuja bila taarifa, na kwapani amebeba mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kuna deki yake. "Nimesikia kuna mitihani hapa," alisema, "nikaona na ya kwangu ifanye." Watoto wakakaa mstari wa mbele. Mke wangu akaja kusimama mlangoni, akiwa amekunja mikono, mkao ambao nimeujua kwa miaka mingi na haujawahi kuniletea heri.

Nikaweka filamu. Picha safi. Shemeji akasema, "Mbona kama yangu tu?" Hapo ndipo nilipoinua rimoti na kuonyesha kitufe ambacho yake haikuwa nacho. Kimeandikwa P-SCAN. Nikatoa mhadhara. Nikamwambia deki za kawaida zinatuma picha nusu nusu, mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, jicho ndilo linaloiunganisha. Lakini deki ya mtu anayejielewa inatuma mistari yote kwa pamoja. Yote hayo ni kweli. Nilichokuwa sikijui ni kwamba picha ya namna hiyo haipiti kwenye waya wa njano. Inataka waya tatu, nyekundu, kijani na buluu, ziingie kwenye yale matundu ya rangi rangi kule nyuma, na TV yenyewe iwe inaikubali. Mimi nilikuwa na njano. Onyo hilo lilikuwapo limeandikwa kwa herufi nene, kwenye kitabu, chini ya mguu wa nyuma wa kushoto.

Nikabonyeza.

Kioo kikawa cheusi. Sauti ikaendelea, watu wanazungumza, mlango unafungwa, farasi wanapita.

"Baba," mtoto wa mwisho akauliza, "umenunua redio?"

Nikamwambia asubiri, mashine inajipanga. Tukasubiri. Ilikuwa imejipanga tayari. Nikabonyeza tena kitufe kilekile, haikurudi. Ingia kwenye menyu uzime, nikajiambia, ila menyu nayo inaonekana kwenye kioo na kioo ni usiku. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikatangaza mbele ya shemeji, "Menyu hii naijua kwa moyo." Nikafumba macho ili nione vizuri zaidi. Chini mara tatu, kulia, chini mara mbili, sawa. Waigizaji wakaanza kuongea Kifaransa. Nikarudi juu, kulia, kulia, chini, sawa. Wakanyamaza wote.

"Sasa hata redio si redio," alisema shemeji.

Nikasema tatizo ni TV. Ili kuthibitisha, shemeji akachomoa ule waya wa njano akauchomeka kwenye deki yake, pale pale sakafuni, ikiwa bado imekalia mfuko wake. Picha ikatoka. Na si picha ya filamu yoyote. Ni katuni ile ya watoto, ile niliyoifuta kwa shati, ikicheza bila kukwama hata mara moja. Watoto walishangilia kwa namna ambayo baba hapaswi kuisikia nyumbani kwake.

Mke wangu ndiye aliyeuliza. "Baba watoto, kitabu chake kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kinatumika."

Hakuuliza kinatumika vipi. Alingoja tu. Nikajikuta naelekea kwenye kabati, nikainamisha deki kwa mkono mmoja na kuingiza mwingine chini yake, na hapo ndipo yule mlinzi wangu, glasi ya maji, alipoteleza mlalo wote wa kifuniko cha bati zito na kumwagika. Mungu ni mwema, niliiinamisha kuelekea mbele, maji hayakuingia kwenye matundu ya hewa. Yalitua kwenye daftari. Wino mwekundu ukaondoka ukurasani taratibu, nane, saba, tisa, zote zikikimbilia pembeni kama watu waliosikia king'ora, na neno TATHMINI likabaki doa la waridi.

Kitabu chenyewe kilikuwa na alama ya duara ya mguu wa deki, imezama kurasa nyingi. Shemeji akakisoma kwa sauti, jambo ambalo halikuwa la lazima. Dawa ilikuwa mistari miwili: fungua trei, shikilia kitufe cha P-SCAN kwa sekunde kadhaa. Nikashikilia. Picha ikarudi, na mimi nikapumua, nikapumua mapema mno. Kwa sababu menyu yote ilikuwa imegeuka kuwa lugha yenye nukta juu ya nusu ya herufi zake, na katikati ya kioo kuna alama ya kufuli inayodai namba ya siri. Zile safari zangu za gizani zilikuwa zimepitia kwenye ulinzi wa watoto. Kwenye DVD ulinzi huo una ngazi kuanzia 1, ya watoto wadogo, hadi 8, ya watu wazima. Mimi nilikuwa nimejiweka kwenye 1. Deki yangu, niliyoinunua kwa pesa yangu, ilikuwa imeamua kwamba sijafikia umri wa kuangalia ile filamu.

Namba ya siri ilikuwa ukurasa wa mwisho. Lugha ilituchukua muda zaidi. Shemeji, kusema haki, alikuwa mtulivu. Alifuata michoro, spika ndiyo sauti, kidude kama dunia ndiyo lugha, akawa anabonyeza na kurudi nyuma, anabonyeza na kurudi nyuma, bila kujidai kwamba anaijua kwa moyo. Watoto walishalala. Mke wangu alikuwa amevuta kiti.

Hatimaye kila kitu kikawa sawa. Nikairudisha deki kabatini, nikaweka filamu tangu mwanzo, tukaegemea.

Nnnnn.

Tukatazamana. Kitabu kilikuwa mkononi mwa mke wangu, na kwa jinsi alivyokishika ilionekana wazi hakirudi kule kilikotoka. Shemeji akaangaza macho chumbani, akaliokota daftari, akalikamua maji kidogo, akalikunja mara moja, akanyanyua ukingo wa deki na kulisukuma chini ya mguu wa nyuma wa kushoto.

Mvumo ukakata.

"Hapo sasa," alisema akijifuta wino vidoleni, "tisa kwa kumi."